Konveta Hujulikana kwa Mwendo Wake

Mhadhara wa hadhara kuhusu modeli za vyombo vinavyobadilisha umeme kwa swichi, ulioandaliwa kwa wasikilizaji wa Runyenjes, Kaunti ya Embu

Mji huu wa Runyenjes umekaa kando ya barabara ya Embu kwenda Meru. Juu yake ni miteremko ya Mlima Kenya, na chini, ukishavuka nchi ya Mbeere, ni bonde la Mto Tana na mabwawa ya Seven Forks. Kindaruma ilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Vituo hivyo vitano vikijumlishwa vinaweza kutoa karibu megawati 600, na Gitaru peke yake, yenye megawati 225, ndiyo kituo kikubwa kuliko vyote vya nguvu za maji nchini. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, watu wa eneo hili wamekuwa majirani wa umeme unaotengenezwa na chuma kizito kinachozunguka. Mada yangu ni umeme wa namna nyingine, ulioingia majumbani mwetu bila kutangazwa: umeme uliopitia swichi.

Swichi hiyo haionekani kwa macho, lakini imeenea kila mahali. Imo ndani ya chaja ya simu na ndani ya taa ya LED. Imo ndani ya televisheni, kompyuta, kidhibiti cha sola kinachokaa kati ya paneli na betri, inveta inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa Kenya Power, na kidhibiti kinachoendesha pampu ya kisima. Vingi kati ya hivi vina transista inayowashwa na kuzimwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, pamoja na koili na kapasita za kulainisha umeme unaotoka. Chombo cha namna hiyo nitakiita konveta. Konveta zimeingia pia katika gridi ya taifa. Mitambo 365 ya upepo ya Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, inategemea konveta. Mtambo wa sola wa Garissa wa megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, haungeweza kuipa gridi hata wati moja bila inveta. Laini ya mkondo mnyoofu ya volti 500,000 kutoka Ethiopia hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000 na iliyoanza kutuletea umeme Novemba 2022, ina kituo cha konveta katika kila ncha.

Hoja yangu ni moja. Konveta haijulikani kwa namba zilizobandikwa mgongoni mwake. Volti inayoingia, volti inayotoka, wati na asilimia ya ufanisi vinaieleza konveta iliyotulia, na katika maisha yake halisi konveta haipati kutulia: wingu linapita, betri inashuka, pampu inaanza, mtu anawasha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Kinachoamua kama chombo kitadumu au kitaungua ni jinsi kinavyojibu katika sehemu ndogo ya sekunde baada ya kusukumwa. Jibu hilo linaweza kujulikana mapema, kwa kalamu na karatasi, kwa kutumia modeli iliyokubali kusahau mambo mengi ili iyaone machache yenye uzito. Modeli hiyo ni rahisi kiasi cha kufundishwa katika chuo cha ufundi, na kutoifundisha kunatugharimu.

Tuchukue konveta moja na tuichunguze kwa makini: ile inayopandisha volti 12 za betri hadi volti 24. Ina sehemu nne tu za kutajwa, yaani koili, transista, dayodi na kapasita. Transista inapowashwa, koili inaunganishwa moja kwa moja na betri na mkondo ndani yake unapanda. Wakati huo mzigo haupati chochote kutoka kwa betri, bali unalishwa na akiba iliyomo kwenye kapasita. Transista inapozimwa, mkondo wa koili hauwezi kukatika ghafla, kwa hiyo unajilazimisha kupitia dayodi hadi kwenye kapasita na mzigo. Kila mzunguko una hatua hizo mbili, na mizunguko hurudiwa, tuseme, mara 100,000 kwa sekunde. Kidhibiti kina mamlaka juu ya jambo moja tu: sehemu ya mzunguko ambayo transista inakuwa imewashwa. Sehemu hiyo ikiwa nusu, volti 12 huzaa volti 24. Ikiongezwa, volti ya kutoka hupanda, ikipunguzwa, hushuka. Hayo yamo katika kila kitabu cha mwanzo, nayo ni kweli kwa konveta iliyotulia.

Ugumu huanza tunapouliza volti inafuata njia gani kutoka hali moja tulivu hadi nyingine. Konveta ni vyombo viwili vinavyopokezana: saketi moja transista ikiwa imewashwa, nyingine ikiwa imezimwa. Kila moja peke yake ni rahisi, lakini kurukaruka kati ya hizo mbili mara 100,000 kwa sekunde huvuruga hisabati ya kawaida. Katika miaka ya 1970, huko California Institute of Technology nchini Marekani, R. D. Middlebrook na wanafunzi wake walipendekeza njia ya kutoka hapo. Mwaka 1976 Middlebrook na Slobodan Ćuk walichapisha makala iliyotoa utaratibu mmoja kwa aina zote za konveta: andika milinganyo ya saketi ya kwanza, andika ya pili, kisha uichanganye kuwa wastani, kwa uzito wa muda ambao kila moja inashika zamu. Kinachopatikana ni saketi moja isiyo na swichi. Kuruka kwa haraka kumesahauliwa. Kupanda na kushuka kwa polepole, ambako ndiko kunakomhusu mtumiaji, kumebaki.

Hapa huja pingamizi la kwanza, nalo si la kubeza. Mtu anaweza kusema kwamba wastani huo haupo popote: hakuna wakati ambapo transista imewashwa nusu, na yeyote atakayeutazama mkondo wa koili kwa osiloskopu ataona meno ya msumeno, si mstari laini wa modeli. Hilo ni kweli. Lakini ndani ya chombo chenyewe ni nani anayechukua wastani? Ni koili na kapasita. Mkondo wa koili ni jumla ya volti zote zilizowahi kuwekwa juu yake, na volti ya kapasita ni jumla ya mikondo yote iliyowahi kuingia na kutoka. Hakuna hata kimoja kinachoweza kubadilika kwa kishindo kimoja cha swichi. Katika mfano wetu, tukiipa konveta koili ya mikrohenri 100 na kapasita ya mikrofaradi 470, mwendo wake wa asili wa kuyumba ni takriban mara 370 kwa sekunde. Ndani ya yumbo moja, swichi imeruka karibu mara 270. Modeli ya wastani, kwa hiyo, inaeleza jambo ambalo koili na kapasita zinalifanya kweli, na ndiyo sababu inalingana na vipimo vya maabara mradi tusiiulize habari za mambo yanayokwenda haraka kukaribia kasi ya swichi.

Modeli hiyo ikishapatikana, hufichua jambo ambalo fundi asiye nayo hawezi kulibashiri. Tuseme volti ya kutoka imeshuka kidogo na kidhibiti, kama kilivyofundishwa, kinaongeza muda wa transista kuwashwa. Muda uliobaki wa kupeleka mkondo kwenye kapasita umepungua papo hapo, ilhali mkondo wa koili haujapata nafasi ya kupanda. Kwa hiyo kapasita inapokea pungufu kuliko mwanzo, na volti inashuka kabla ya kupanda. Kidhibiti chenye haraka kitaona volti imeshuka na kuongeza tena, nayo itashuka tena. Kikiendelea hivyo, chombo chenye sehemu nzima, zisizo na kasoro hata moja, kitaanza kuyumba mpaka kijizime au kiungue. Chanzo ni mpangilio wa saketi wenyewe, na hata ubadilishe transista mara ngapi, hutakiondoa.

Wahandisi wa Seven Forks wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Katika kituo cha nguvu za maji, gridi inapohitaji umeme zaidi, mlango wa turbini hufunguliwa zaidi. Lakini maji yaliyojaa kwenye handaki na bomba ni mazito na hayawezi kuongeza kasi mara moja. Mlango umepanuka, mwendo wa maji bado ni ule ule, kwa hiyo shinikizo mlangoni hushuka na nguvu ya turbini hupungua kwanza ndipo ipande. Ndiyo maana gavana ya turbini, yaani kidhibiti cha mwendo wake, hupewa subira maalumu, na mhandisi wa kituo cha maji hawezi kuiweka bila kukadiria muda ambao maji huchukua kupata kasi. Mkondo katika koili na maji katika bomba vinatii mlinganyo wa sura moja. Tofauti ni kwamba kwa turbini tunazungumzia sekunde, na kwa konveta sehemu ya elfu ya sekunde. Hakuna aliyewahi kudai kwamba kituo kama Kiambere kiendeshwe kwa kubahatisha. Kisanduku kinachotundikwa ukutani kinastahili heshima ile ile ya kimawazo, kwa kuwa sheria inayokitawala ni ile ile.

Namba zitaonyesha uzito wa jambo hili. Konveta yetu ikitoa wati 24, modeli inasema kwamba tabia hiyo ya kwenda kinyume hutawala kuanzia mwendo wa takriban mara 9,500 kwa sekunde, na kidhibiti makini huwekwa kikae chini kabisa ya hapo. Mzigo ukiongezwa hadi wati 48, mpaka huo huteremka hadi karibu 4,800. Sasa tuseme ni usiku, betri imeshuka hadi volti 10.5 na mzigo ni ule ule: mpaka umefika takriban 3,700. Chombo ni kile kile, lakini mpaka wake wa usalama umepungua hadi chini ya nusu. Kidhibiti kilichojaribiwa adhuhuri, betri ikiwa imejaa na taa mbili zikiwaka, hakijajaribiwa. Hali ngumu kuliko zote ni ile ya saa tatu usiku, familia nzima ikiwa inatumia umeme na betri ikikaribia kwisha. Lebo ya chombo haisemi lolote juu ya tofauti hiyo, na mlinganyo wenye herufi nne unaisema yote.

Pingamizi la pili hutoka kwa wenye kompyuta. Siku hizi, husema, programu inaweza kukokotoa kila kuruka kwa swichi bila kurahisisha chochote. Kwa nini tuhangaike na makadirio ya miaka ya 1970? Programu hizo ni nzuri, na kila chuo kinachoweza kuzipata kinafaa kuzitumia. Lakini programu hujibu swali moja kwa wakati mmoja: kwa koili hii, kapasita hii, betri hii na mzigo huu, kitatokea nini? Ikionyesha kuyumba, haisemi ni kwa nini, wala haisemi ni sehemu gani ibadilishwe na kwa kiasi gani. Modeli ya wastani hutoa fomula, na ndani ya fomula mtu anaona kwamba mpaka wa usalama hushuka kadiri koili inavyokuwa kubwa na mzigo unavyokuwa mzito. Mwenye kuona hivyo anajua aiulize programu jambo gani; asiyeona hubaki kujaribu namba hadi usiku wa manane. Zaidi ya hayo, fundi aliye shambani Kyeni, karibu na hapa, mbele ya pampu iliyokataa hana kompyuta yenye modeli ya kila sehemu. Ana mita yake, kalamu yake na ufahamu wake.

Hadi hapa tumeitazama konveta ikiwa peke yake. Matatizo makubwa zaidi huzaliwa konveta zinapounganishwa, na hapo ndipo mada hii inapomgusa mkulima moja kwa moja. Konveta yenye kidhibiti kizuri huhakikisha kwamba mzigo wake unapata nguvu ile ile hata volti inayoingia ikibadilika. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo hatari yake. Kama inahitaji wati 120, kwa volti 24 itavuta ampea 5. Volti ikishuka hadi 20, itavuta ampea 6. Waya wa kawaida au hita hufanya kinyume: volti ikishuka, mkondo nao hushuka. Kwa mabadiliko madogo, konveta ni ukinzani hasi, yaani kitu kinachoendeleza mtikisiko badala ya kuutuliza. Ukiiweka konveta hiyo nyuma ya waya mrefu au chujio chenye koili na kapasita, unaweza kupata mfumo unaoyumba hata kama kila kipande chake kilipita majaribio kilipotoka kiwandani.

Paneli ya sola huongeza sura yake kwenye tatizo hilo. Kila paneli ina kilele cha nguvu kwa mwanga wa wakati huo. Ukiivuta zaidi ya kilele, volti yake huporomoka. Kwenye miteremko hii ya mashariki ya Mlima Kenya, hasa katika miezi ya baridi ya Julai na Agosti, mawingu hupunguza mwanga kwa saa nyingi. Kidhibiti cha pampu kisichoweza kupunguza mwendo wa mota kitadai nguvu ambayo paneli haina. Volti itaporomoka, kidhibiti kitajizima, na kwa kuwa hakuna tena mzigo, volti itarudi juu. Kidhibiti kitaona volti nzuri na kujaribu tena. Mwenye pampu huona mashine inayoanza na kukatika, kuanza na kukatika, na jibu la haraka huwa ni kwamba paneli hazitoshi. Huenda kweli hazitoshi. Lakini huenda pia kidhibiti chenye kufuatilia kilele cha paneli kingepandisha maji polepole asubuhi nzima kwa paneli zile zile. Kutofautisha mambo haya mawili ni kutofautisha gharama ya paneli mpya na gharama ya kurekebisha mpangilio, na hakuna namba ya lebo inayoweza kutofautisha kwa niaba yetu.

Hapa ndipo ninapojibu pingamizi ninaloliona kuwa zito kuliko yote: kwamba sisi ni wanunuzi tu, konveta zinatoka China na kwingineko, na kazi ya kuziundia modeli ni ya wanaozitengeneza. Mtengenezaji ameiundia modeli konveta yake. Hakuundia modeli mfumo wa Runyenjes, ambao una paneli kutoka kampuni moja, kidhibiti kutoka nyingine, betri ya tatu, waya uliokatwa dukani kwa urefu wa shamba, na pampu iliyonunuliwa mwaka mwingine. Muunganiko huo haujawahi kuwepo kabla fundi hajaukamilisha, na hivyo mhandisi wake wa kwanza na wa pekee ni fundi huyo. Mwaka 1976, mwaka ule ule wa makala ya modeli ya wastani, Middlebrook alitoa kigezo kinachomfaa mtu wa namna hiyo. Tazama pale chanzo kinapokutana na konveta. Kama impidansi ya chanzo, yaani ukinzani wake dhidi ya mabadiliko ya kila kasi, ni ndogo kwa mbali kuliko impidansi ya kuingilia ya konveta, kuunganishwa kwao hakutaleta kuyumba. Si lazima kujua kilichomo ndani ya kisanduku chochote. Inatosha kupima pale vinapokutana. Kigezo hiki kinamstahili hasa yule anayenunua vyombo na kuviunganisha.

Wengine watasema kwamba fundi mzoefu hutatua haya bila hisabati: huongeza kapasita, huweka waya mnene, husogeza betri. Siudharau uzoefu huo, na mara nyingi unafanya kazi kwa sababu unapunguza impidansi ya chanzo bila kuitaja kwa jina. Ila kuna nyakati dawa hiyo hugeuka ugonjwa. Kigezo nilichokitaja kilitokana na tatizo hilo hilo: wahandisi walikuwa wakiongeza chujio mbele ya konveta ili kupunguza kelele za umeme, na chujio jipya likaharibu utulivu wa konveta iliyokuwa ikifanya kazi vizuri. Anayejua kwa nini anaongeza kapasita anajua pia aongeze wapi, na kwamba huenda ikahitaji ukinzani mdogo pembeni yake ili kuumeza mtikisiko. Asiyejua atafanikiwa nyumba hii na kushindwa nyumba ya pili, wala hataweza kumfundisha mwanafunzi wake tofauti kati ya hizo mbili.

Hisabati hii si ngeni kwa miteremko ya Mlima Kenya. Katika vijiji vya Kathamba na Thima, Kirinyaga, mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilijengwa vituo vidogo sana vya nguvu za maji, kimoja cha kilowati 1.1 na kingine cha kilowati 2.2, ambavyo jenereta zake zilikuwa mota za kawaida zilizogeuzwa kazi. Maji huja kwa kiwango kile kile iwe taa zinawaka au zimezimwa; kwa hiyo mtu mmoja akizima taa, volti ya wengine itapanda mpaka balbu ziungue. Kidhibiti cha kielektroniki huzuia hayo kwa kumimina umeme wa ziada kwenye mzigo wa akiba, kikirekebisha kiasi chake kwa kuwasha na kuzima swichi. Kituo kinacholisha nyumba za kijiji kimoja kilikuwa, tangu siku yake ya kwanza, tatizo la mwendo wa konveta.

Uaminifu unadai nitaje pia pale modeli ya wastani inapoishia. Mzigo ukiwa mdogo sana, mkondo wa koili hufika sifuri kabla ya mzunguko kwisha, na saketi ya tatu inaingia kati. Milinganyo lazima iandikwe upya. Konveta inayodhibitiwa kwa kilele cha mkondo, transista ikiwashwa zaidi ya nusu ya mzunguko, huweza kuanza kupishanisha mzunguko mrefu na mfupi, tabia ambayo modeli sahili ya wastani haiioni kabisa. Kazi za miaka ya 1990, hasa za Raymond Ridley, zilionyesha jinsi ya kuiongezea modeli hesabu ya kupima mara moja kwa kila mzunguko ili tabia hiyo ionekane. Wapo wanaoyachukua haya kama sababu ya kuiacha modeli. Mimi nayachukua kama sababu ya kuifundisha vizuri. Modeli hii inataja mipaka yake yenyewe: hutegemea mambo yanayokwenda polepole kuliko swichi. Mwanafunzi aliyeielewa anajua ni lini ataacha kuiamini, na huo ni ujuzi ambao lebo ya chombo wala programu haiwezi kumpa.

Tulitazame sasa jambo hili kwa upana wa nchi. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, giza liliikumba sehemu kubwa ya Kenya. Kenya Power ilieleza kwamba mfumo ulipoteza umeme kutoka mtambo wa upepo wa Turkana. Kampuni ya mtambo ilieleza kwamba volti ya gridi ilipanda kupita kiasi na mitambo yake ikajitoa ili kujilinda. Simnyooshei kidole yeyote. Ninachotaka tukione ni aina ya swali lililobaki mezani. Pande zote mbili zinaweza kuwa zimesema kweli, kwa kuwa katika mfumo wenye mrejesho kila tukio huwa jibu la tukio jingine. Kujua lipi lilianza, na kwa nini ulinzi wa sehemu moja ulizidi kuiyumbisha sehemu nyingine, ni kazi ya modeli za mwendo. Rota, yaani vyuma vizito vinavyozunguka, za Gitaru na za mitambo ya mvuke ya Olkaria hubeba nishati ya mzunguko inayoipa gridi sekunde chache za kuvuta pumzi hitilafu inapotokea. Konveta haina akiba hiyo kwa asili. Hufanya kile ambacho kidhibiti chake kimeandikiwa kufanya. Mtu anaweza kudai kwamba, kwa kuwa Kenya bado ina maji na mvuke mwingi, hatari hiyo ni ya nchi nyingine. Nadhani hoja hiyo inaelekea upande wa pili: wakati wa kufundisha watu wa kuandika na kukagua vidhibiti ni sasa, tukiwa bado na rota zinazotusamehe makosa.

Ninayoyadai, basi, yanatokana na hoja hii moja kwa moja. Katika vyuo vyetu vya ufundi, mwanafunzi wa umeme asihitimu kabla hajaandika kwa mkono milinganyo ya wastani ya konveta inayopandisha volti, akaeleza kwa nini volti hushuka kabla ya kupanda, kisha akaithibitisha kwa osiloskopu. Vifaa vya somo hilo ni koili, transista, dayodi na kapasita, vitu vinavyopatikana hata ndani ya vyombo vilivyotupwa. Katika utoaji wa leseni, kanuni za mifumo ya sola za mwaka 2012 zilishamtaka fundi awe na leseni ya daraja T1, T2 au T3. Mtihani wa leseni hiyo uulize pia kuhusu chanzo na mzigo vinavyokutana, pamoja na ukubwa wa paneli na unene wa waya. Katika ununuzi, shule, zahanati au chama cha ushirika kinachotoa zabuni ya pampu au mfumo wa sola kidai taarifa ya jinsi chombo kinavyojibu mzigo unapoongezeka ghafla na volti inayoingia ikiwa ya chini kabisa. Muuzaji anayeijua bidhaa yake anayo taarifa hiyo, na asiyekuwa nayo ametuonyesha tunachohitaji kujua kumhusu.

Madai haya hayahitaji kiwanda kipya wala mkopo. Yanahitaji tukubali kwamba kuelewa mwendo wa chombo ni sehemu ya kukimiliki. Mkulima aliyelipia pampu kwa mauzo ya kahawa ya misimu kadhaa amenunua jinsi chombo hicho kitakavyojibu asubuhi yenye ukungu na usiku wenye betri dhaifu, hata kama risiti inataja wati tu. Ni haki yake kwamba fundi aliyemfungia aweze kumweleza jibu hilo kabla ya kuwasha. Hisabati ya kuliweka wazi jibu hilo imechapishwa tangu mwaka 1976, iko wazi kwa yeyote, na kijana aliyemaliza kidato cha nne kwa bidii katika somo la hesabu anaweza kuifikia akipata mwalimu. Kazi iliyobaki ni ya kuwapata na kuwawezesha walimu hao, na hiyo ni kazi ambayo kaunti yenye mabwawa ya Tana mpakani mwake na vijana wengi wenye kiu ya ufundi haina sababu ya kuwaachia wengine.